Kisanduku cha Kuta Mbili

Uvumi ulianzia kwenye kinu cha kusagia nafaka ya teff, pale wanawake wa mtaa wa Mikaeli wanapongojea zamu zao, weupe kwa unga hadi kwenye kope. Ilisemwa kwamba kompyuta mpya ya chama cha kuzikana imewameza wanawake. Si wote. Ni wale ambao waume zao wako hai lakini hawalali nyumbani. Etiye Bogalech ndiye aliyelitoa neno hilo huku akifunga mdomo wa gunia lake, na alilitoa vile anavyotoa kila neno, kama mtu anayetema ganda la mbegu.

"Mimi nimesikia tu," alisema. "Wengine humu, siku zetu zikifika, tutajizika wenyewe."

Wenzake wakacheka. Aselefech naye akacheka, maana kicheko kilikuwa kinapita mtu kwa mtu na hakutaka kimruke. Lakini alipojitwika unga wake akashika njia ya nyumbani, yale maneno yalimwandama. Akiwasha jiko, yapo. Akimimina ujiuji wa teff kwenye chungu kipana cha kuokea mikate myembamba ya injera, yapo. Akaungua kidole, jambo ambalo halikuwa limempata tangu akiwa mwali.

Sababu anayo. Katika chumba cha nyuma alilala mama yake mzazi, Emama Wude, aliyeletwa mjini kutoka Gojam macho yalipoanza kuzimika. Tangu mvua zilipokatika bibi huyo alikuwa hali tena kitu ila uji wa shayiri, na hakuwa na ombi jingine duniani ila moja. Hakutaka daktari, wala shuka mpya. Alitaka hema.

"Mimi huku ni mgeni," alikuwa akisema, akishika mkono wa bintiye. "Kijijini kwetu mtu akifa mlima mzima unashuka. Huku nani atanijua? Hema litasimama kweli, Aselefech? Watu watakuja?"

"Watakuja, Emama. Mimi ni mtu wa chama."

Na alikuwa mtu wa chama hasa. Hakuna msiba Mikaeli ambao Aselefech hakukata vitunguu vyake. Ameoka injera za matanga akiwa na mimba, ameoka akiwa na homa, amechemsha ngano na dengu za waombolezaji hadi watoto wa mtaa wakawa wanamwita Mama Sufuria. Mtu akifiwa, wanaume husimamisha hema mbele ya lango, mabenchi hupangwa, na kwa siku tatu mfiwa haachwi peke yake hata kwa kufumba na kufumbua. Kwa watu wale, kukosa hema ni kufa mara mbili.

Ila kulikuwa na jambo. Mumewe, Ato Demissie, alikuwa amevuka kijito mwaka ule mtoto wao Kirubel alipoanza sekondari. Hakwenda mbali. Ukisimama kwenye lango la Aselefech unaona moshi wa jiko la huyo mwanamke mwingine, na upepo ukigeuka unasikia hata kitunguu chake. Aselefech hakwenda chamani kulisema. Kila mwezi alipopeleka mchango alimwambia mtunza fedha, "Wa Ato Demissie," kwa sababu jina lilikaa hivyo tangu zamani, na kwa sababu mwanamke anayetangaza kwamba ameachwa ndiye huambiwa kwamba alishindwa kumtunza mume. Akiulizwa, alisema mzee yuko Dire Dawa kikazi. Muulizaji, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amempita mzee kijitoni akinawa uso, alijibu, "Mungu amrudishe salama." Ndivyo watu wa pale wanavyositiriana. Ni adabu nzuri, na ni adabu iliyomponza.

Kirubel alisoma mambo ya kompyuta chuoni kwa moshi wa jiko la mama yake, injera zilizokwenda kwenye mikahawa ya barabara kuu kila alfajiri. Alipomaliza, na chama kilipoamua kuacha madaftari yaliyoliwa na panya, kazi walimpa yeye, mtoto wa mtaa. Mama yake aliringa wiki nzima. Hata kuku walijua.

Na mwanzo Kirubel aliifanya kazi ile vizuri, hilo lisemwe. Hakukimbilia kompyuta. Alitandaza karatasi kubwa mezani, akasema kwamba kabla hujaingiza jina hata moja lazima uchore mchoro wa vitu na jinsi vinavyohusiana, maana ukikosea mchoro, kompyuta italitii kosa lako kwa uaminifu hadi siku ya mwisho. Akamwita mama yake aliyekuwa anakaanga kahawa.

"Njoo uone. Hiki kisanduku ni Mwanachama. Hiki ni Nyumba. Hiki Msiba. Na hiki ni Vifaa: mahema, masufuria, mabenchi."

"Na hiki kilichosimama kwa ncha kama jiwe la pete?"

"Hicho ni uhusiano. Kinakaa katikati kusema nani ana nini na nani."

"Kumbe na umbea umepewa umbo," alisema Aselefech, na mwanawe akacheka hadi kalamu ikamponyoka.

Jioni nzima alimwuliza maswali, kikombe cha kwanza cha kahawa, cha pili, cha tatu. Mtu mmoja anaweza kuwa na nyumba mbili? Mwanachama akifiwa na mama mkwe, hema linatoka? Wakiwa watu wazima wawili nyumba moja, wanachanga mara moja au mara mbili? Kila jibu liligeuka mstari. Panapoingia kimoja, aliweka kijiti kimoja. Panapoingia vingi, alichora vijiti vitatu vilivyotanuka kama mguu wa kunguru. Aselefech, ambaye shule aliiacha darasa la tano, aliufuata mchoro ule kwa kidole na ukamwingia akilini bila taabu.

"Na mimi?" aliuliza mwishowe. "Mimi niko wapi?"

Kirubel hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Wewe ni mwanachama. Mtu ana kisanduku chake, nyumba ina kisanduku chake. Wakiachana, nyumba inakwenda zake na mtu anabaki."

Baba yake hakutajwa. Hakuhitaji kutajwa. Aselefech alienda kuosha vikombe huku mgongo umemnyooka, akijiambia kwamba amezaa mtu.

Mchoro ule ukabandikwa ukutani juu ya mtungi wa maji, akawa anaupita kila siku kama picha ya mtakatifu. Halafu siku moja haupo. Umebaki ukuta na alama nne za gundi. Kirubel akasema ameupeleka ofisini, na mama hakuona ajabu yoyote, mchoro kwenda kazini.

Siku hizohizo kulikuwa na habari nyingine, habari njema. Kirubel alitaka kuoa. Msichana aliitwa Feven, wa watu wa heshima wa upande wa sokoni, watu wanaotaka mambo yaende kwa utaratibu: wazee watatu watumwe kuposa, na baba wa kijana awe nyuma yao, anayejulikana na anayesimama. Bila baba, mzee wa Feven alikuwa amesema, mlango wangu hauna kitasa upande wa nje. Aselefech alikosa usingizi kwa hilo, maana alijua Demissie hajawahi kusimama popote ila mahali penye kivuli. Lakini Kirubel akaja siku moja akasema baba amekubali, atawatuma wazee.

"Amekubali vipi?"

"Amekubali tu, Mama. Watu hubadilika."

Angemkazia hapo. Lakini mama akiletewa furaha ya mwanawe haichambui kama dengu.

Basi, ule uvumi wa kinuni ulipomwandama, jioni yake alimngoja Kirubel aketi. Aliweka sinia katikati, injera na shiro ya moto, mchuzi wa unga wa dengu, akaanza kwa upole.

"Wanasema kompyuta yenu imemeza wanawake."

"Nani wanasema?"

"Watu. Kinuni."

"Watu wa kinuni wakikosa la kusema watakwambia hata jiwe la kinu lina mimba."

Alicheka. Lakini alikuwa anakata injera vipande vidogo vidogo asivyovila.

"Mimi nimo, Kirubel?"

"Umo, Mama."

"Apa."

"Jamani, nitaapaje, mikono yenyewe ina shiro." Na hapo akakunja tonge kubwa, akalichovya vizuri, akanyoosha mkono akamlisha mama yake kinywani, kama anavyolishwa mtu mpendwa. Tonge lilikuwa kubwa. Lilimjaa mashavu yote mawili. Alipomaliza kulitafuna, Kirubel alikuwa ameshasimama anatafuta maji, na swali lilikuwa limepoa.

Kesho yake Aselefech alikwenda hadi ofisi ya chama, chumba kimoja nyuma ya kanisa. Alimkuta mwenyekiti, Ato Beyene, kwenye benchi la nje, glasi ya chai mkononi, na pembeni yake amekaa Demissie, wameegemeana kama madume mawili ya ng'ombe baada ya kulima. Demissie alimsalimu kwa heshima sana. Heshima ile ndiyo ingepaswa kumshtua.

"Etiye Aselefech," alisema mwenyekiti, "mwanao ametutoa gizani. Sasa mtu akifa, simu za wanachama wote zinalia kwa pamoja. Baragumu la Gashe Wolde likapumzike."

Gashe Wolde alikuwa mpiga mbiu. Kwa maisha yake yote mtu akifa yeye ndiye aliyezunguka alfajiri, akipuliza baragumu lango kwa lango na kuita jina la mfiwa. Alijua hadi mbwa wa kila lango.

Aselefech alisema amekuja kuuliza kama jina lake limekaa sawa. Mwenyekiti akamtazama Demissie, Demissie akatazama chai.

"Unaniuliza mimi? Mchoraji analala kwako. Au humwamini mwanao?"

Hapo watu watatu wanne walikuwa wamesimama wakisikiliza. Ni mama gani atasema mbele za watu, ndiyo, simwamini? Akajifunga nguo yake vizuri, akasema alikuwa anapita tu, akarudi nyumbani.

Emama Wude alifariki siku ya sikukuu ya Mikaeli, kunapambazuka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye. Kirubel alikuwa mjini Adama kikazi. Aselefech hakupiga ukunga papo hapo, alimfumba mama yake macho kwanza, akamfunga kidevu, ndipo akatoka uani akalia, na Etiye Bogalech akaruka ukuta wa matope kana kwamba ana miaka ishirini. Majirani wa pande mbili wakaja. Bogalech akamtuma mwanawe mkubwa ofisini, na katibu, msichana mmoja aitwaye Lulit, akaandika kwenye kompyuta.

Haukupita muda simu ya Bogalech ikalia. Ikalia na ya jirani wa pili. Ikalia na ya mume wa jirani. Simu ya Aselefech ilikuwa dirishani, imechajiwa, haikulia.

Bogalech akaisoma yake, akaitia kifuani haraka.

"Wamesemaje?" aliuliza Aselefech.

"Wamesema wanakuja."

Basi wakangoja. Maiti imelazwa, ubani umewashwa, lango limeachwa wazi kwa ajili ya nguzo za hema. Jua likapanda juu ya ukuta. Hakuna nguzo, hakuna benchi, hakuna mtu anayeuliza sufuria liwekwe wapi. Mbwa aliingia langoni, akanusa, akatoka. Aselefech alikuwa amezika mtaa mzima, na sasa alikaa mkekani na wanawake wawili, akiisikia sauti ya mama yake ileile: watu watakuja?

Ndipo kilio kikasikika. Kilitoka mbali kidogo, ng'ambo ya kijito. Kilio cha watu wengi, kile cha kupokezana, mwanamke mmoja anatoa maneno na wengine wanamjibu kwa kupiga vifua. Aselefech alizijua sauti zile moja moja, kwa sababu ameshalia nazo kwenye matanga yote. Walikuwa wanamlilia mama yake, kwa ufundi, kwenye lango la mwanamke wa Demissie.

"Bogalech," alisema. "Nipe hiyo simu."

Ujumbe ulisema: Msiba nyumbani kwa Ato Demissie, ng'ambo ya kijito. Amefiwa na mama mkwe.

Ilikuwa saa sita inakaribia walipovuka kurudi. Walikuja wakiwa wamebeba nguzo na turubai lililosimamishwa likang'olewa, wanaume kimya, wanawake wakimtazama Aselefech kisha wakitazama chini. Baadaye walimsimulia jinsi ilivyokuwa. Huyo mwanamke alitoka na kanga ya kulalia akauliza nani amekufa, akaambiwa mama yako, akaanguka, kumbe mama yake mwenyewe yuko Harar mzima anauza vitunguu. Mtaa uliicheka habari hiyo kwa mwaka mzima. Siku ile hakuna aliyecheka.

Na mbele ya wabeba nguzo alikuwa Demissie, amevaa nguo nyeupe ya msiba. Hema liliposimama, kiti cha mfiwa kiliwekwa mahali pake, penye mlango, na Demissie akakikalia. Kompyuta ilikuwa imesema msiba ni wake, basi wanaume wakapita mmoja mmoja wakimwinamia, Mungu akutie nguvu, Mungu akutie nguvu, naye akiitika kwa kichwa kwa ajili ya bibi ambaye alipokuwa hai hakuwahi kumnunulia hata kilo ya shayiri. Aselefech alipita mbele yake na sinia la ngano na dengu. Alimhudumia. Afanye nini, azue ugomvi juu ya maiti ya mama yake? Makaburini Gashe Wolde, aliyerudishiwa mbiu kwa siku ile, aliita alivyoandikiwa: mama mkwe wa Ato Demissie. Jina la Aselefech halikusikika juu ya kaburi lile.

Kirubel alifika watu wanatoka makaburini. Alimkumbatia mama yake akalia sana, na Aselefech alimwacha alie. Siku tatu za matanga hakumwuliza kitu. Hema lilipong'olewa, akamwita mezani. Akatandaza karatasi, akaweka kalamu juu yake.

"Chora."

"Nichore nini, Mama?"

"Ulichokipeleka ofisini. Si kile cha ukutani."

Akaivuta karatasi karibu. Kisha akachora, maana ni mtu aliyelelewa, kuvunja amri ya mama bado kulimshinda. Akachora kisanduku kimoja, akaandika Mkuu wa Nyumba. Akapiga mstari chini ya neno jina, kwamba hilo ndilo la kumtambulisha. Akavuta uhusiano, na mwisho wake akachora kisanduku kingine, lakini hiki akakizungushia mstari mara mbili, kisanduku ndani ya kisanduku. Ndani akaandika Mke. Halafu kingine cha namna hiyohiyo: Wategemezi.

Aselefech akaweka kidole. "Mbona hiki kina kuta mbili? Ni imara zaidi?"

"Hapana." Alisema kwa sauti ndogo. "Ni dhaifu. Ndivyo tunavyokiita. Ni kitu ambacho hakiwezi kuwepo chenyewe. Kinajulikana kwa kupitia mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba akihama?"

"Vinahama naye."

"Na hapa, kwa mke, umeweka kijiti kimoja. Mguu wa kunguru haupo."

"Mtu mmoja, mke mmoja. Ndiyo sheria."

"Basi baba yako alipomwandikisha yule..."

"Nafasi ilikuwa moja," alisema Kirubel. "Wewe ulitoka. Bibi akabaki kwa wategemezi, kwa sababu hakuna aliyemgusa. Mama, sikujua kwamba atamwandikisha. Naapa. Nilifikiri ataliacha jina lako lilivyo."

Sasa anaapa, mikono haina shiro.

"Nani alikwambia ubadilishe mchoro?"

Jibu lilikuwa limekaa mezani siku nyingi. Aselefech alilichukua mwenyewe. Demissie hangewatuma wazee kwa ajili ya mwana aliyemchora mama yake na kisanduku chake, kana kwamba mume amekwisha kufa. Alitaka kuwa mkuu wa nyumba, kwenye nyumba aichaguayo. Mwenyekiti naye aliona hivyo ni heshima zaidi. Na Kirubel alitaka mlango wa akina Feven ufunguke.

"Baba alisema ni mchoro tu," Kirubel alisema. "Alisema, 'Mama yako hatajua hata kilichobadilika.'"

"Na wewe ukasemaje?"

Kirubel akageuza kalamu mkononi, upande huu, upande ule. "Sikusema kitu."

Wapo watakaoona hilo ni dogo. Hakumpiga mama yake, hakumwibia, hakumtukana. Lakini mume kuondoka ni jambo ambalo mwanamke hulitarajia, kama mvua ya mawe, inakuja, unatengeneza paa. Hili lilitoka ndani ya tumbo lake. Mtu aliyejua mahali hasa palipomuuma, kwa kuwa mama alimweleza mwenyewe kwa vikombe vitatu vya kahawa, ndiye aliyepiga mstari pale pale. Na alipoulizwa, alimziba kinywa kwa tonge.

"Nitarekebisha," alisema Kirubel. "Kesho. Ni mstari mmoja tu, Mama."

"Ulipoufuta pia ulikuwa mstari mmoja."

Alikwenda chamani mwenyewe. Safari hii alisema mbele ya benchi zima, kwa sauti ya kinuni, kwamba Demissie hayuko Dire Dawa, hajawahi kuwa Dire Dawa, na kila mtu pale anajua anakonawa uso. Ato Beyene aliona haya, lakini kanuni ikamtangulia. Miaka yote ya uanachama, alisema, imeandikwa kwa mkuu wa nyumba. Haiwezi kukatwa nusu. Etiye anakaribishwa kwa mikono miwili, lakini kama mwanachama mpya, naye atasubiri mwaka kama wapya wote kabla hema halijatoka kwa jina lake. Lulit, yule katibu, alikuwa anaandika huku machozi yakimdondoka kwenye kibodi. Aselefech akamwambia aandike. Mwanachama: Aselefech. Nyumba: yake. Siku ya mkutano alikaa benchi la nyuma pamoja na wasichana walioolewa juzi, wanaoulizana bado jinsi ya kuzuia dengu zisigande chini ya sufuria. Aliwafundisha. Miaka yake ya vitunguu iko ng'ambo ya kijito, kwa mwanamke ambaye hajawahi kumenya hata kimoja msibani.

Wazee walitumwa, na akina Feven walikubali. Aselefech aliwasha jiko akaoka injera za siku hiyo zote, hakuna iliyoungua. Mama ni mama. Watu walipokaa kula, Kirubel alikunja tonge, akalichovya, akanyoosha mkono kuelekea kinywa cha mama yake, mbele ya wageni, kama inavyotakiwa. Mkono ulikaa hewani. Aselefech alimtazama mwanawe, midomo imefungwa, hadi mchuzi ukamtiririka Kirubel kwenye kiganja, ukashuka hadi ndani ya mkono wa shati jeupe.

Kwa hiyo, mama unayesoma hapa, epuka haya:

Usikubali kuandikwa ndani ya mtu mwingine, hata awe mume mwema.

Usilipe mchango kwa jina la aliyeondoka.

Usidanganye kwamba yuko safarini. Uongo wa kusitiri aibu, wengine huuandika kama kweli.

Usiridhike na mchoro uliobandikwa ukutani kwako. Omba kuonyeshwa ule unaotumika.

Ukiona kisanduku chenye kuta mbili, usiondoke bila kuuliza nani yumo na anamtegemea nani.

Usione haya kuuliza mbele ya watu, hata ukiambiwa humwamini mwanao.

Usinyamaze simu ya jirani ikilia na yako isilie.

Usimwachie mtu mmoja jina lako alishike peke yake, hata kama ulimzaa.

Usimeze tonge kabla hujajibiwa.